Ombi la Njia Linavyosafiri hadi Dodoma

Sogeeni karibu, wanangu. Shujaa wa hadithi ya leo hana upanga wala farasi, na hajui kusema. Ni karatasi. Ina muhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa, na ndani yake wananchi wanaomba fedha za umma ili wapangiwe njia salama ya kupita kwa miguu na kwa baiskeli. Nitawasimulia inakozaliwa karatasi hiyo, milango inayobisha, mahali inapoweza kulala miaka bila kufunguliwa, na kazi ambayo nyinyi mnaotembea kwenda shule mnaiweza kuliko wakubwa.

Tuanzie barabarani. Ni Dar es Salaam, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pembezoni mwa jiji, upande wa Mbagala au Gongo la Mboto. Ukingo wa lami umemegeka. Baada ya lami kuna mchanga, na baada ya mchanga kuna mtaro ambao mfuniko wake mmoja umevunjika, nondo zinachungulia. Daladala limesimama juu ya mchanga, kondakta anaita abiria. Mtoto mwenye begi mgongoni anafika hapo. Ubavuni mtaro, mbele daladala. Apite wapi? Anashuka kwenye lami, anapiga hatua sita saba, analizunguka daladala, anarudi mchangani. Nyuma yake anakuja muuza mikate na baiskeli yenye tenga, naye anafanya vilevile. Hatari yote iko kwenye hatua hizo chache, maana dereva anayelipita daladala hamwoni mtoto mpaka amfikie.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka. Kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali ndiyo inayoongoza kwa kuua. Zaidi ya nusu ya wanaokufa hawamo ndani ya gari: wanatembea, wanaendesha baiskeli au wako juu ya pikipiki. Tena mwendo wa gari una maana kubwa. Likimgonga mtu likiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, wengi hupona. Likiwa kwenye 50, hatari ya kufa huongezeka mara kadhaa.

Mtauliza, basi si wajenge tu njia? Mbona saruji ipo na mafundi wapo?

Hapo ndipo penye fundo la hadithi. Fundi cherehani hakati kitambaa kabla hajakupima. Akikata kwanza, shati litakubana kwapani na kitambaa kimekwisha kuharibika. Njia nayo hupimwa kabla ya kujengwa, na kupima kunagharimu. Kuna fedha za kujenga, na kabla yake kuna fedha za kupanga. Hizi za pili ni kidogo kuliko za kwanza, lakini ni ngumu kuzipata, kwa sababu kiongozi anaweza kukata utepe mbele ya daraja jipya, ila karatasi haikatiwi utepe. Ndiyo maana njia nyingi hufa zikiwa maneno ya mkutanoni. Hakuna aliyeomba fedha za kuzipanga.

Kwamba kupima kunaokoa watu, hilo si nadharia. Dar es Salaam yenyewe ina ushahidi. Shirika moja liitwalo Amend lilianzisha programu ya usalama wa barabara kwenye maeneo ya shule, inayojulikana kwa kifupi kama SARSAI. Hawakuanza na zege. Walianza kwa kuuliza: ni shule zipi ambazo watoto wake wanagongwa zaidi, na wanagongwa wapi hasa? Walipopata majibu ndipo wakatengeneza vijia vya kupita pembeni, matuta ya kupunguza mwendo, vivuko vya pundamilia, nguzo fupi za kuzuia magari na alama za barabarani. Pengine suluhisho lilikuwa kuhamisha geti la shule, lifungukie mtaa wenye utulivu badala ya barabara yenye magari mengi. Tathmini iliyofanyika baadaye ilionyesha kwamba idadi ya watoto wanaoumia ilipungua kwa angalau asilimia 26. Mwaka 2019 kazi hiyo ilishinda Tuzo ya Ross ya Miji, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka huo kushindanisha miradi ya miji kutoka kila pembe ya dunia. Kumbukeni basi: geti halihamishwi na mtu asiyejua watoto wanatokea upande gani.

Haya, sasa tuiandike karatasi yetu. Tuseme kuna shule kando ya barabara, haina jina, kila mmoja aipe jina la shule yake.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu, na hii ndiyo niliyosema mnaiweza. Mnakaa ndani ya uzio pamoja na mwalimu, mahali mnapoiona barabara bila kuikanyaga. Daftari mnaligawa safu nne: wa miguu, baiskeli, bodaboda, magari. Kila anayepita mnampigia kijistari, wa tano unalala juu ya minne, ili baadaye mhesabu kwa matano. Chini mnaongeza mstari mmoja muhimu kuliko yote: walioshuka kwenye lami. Mnahesabu saa nzima asubuhi, na saa nzima jioni. Mnarudia siku ya gulio, na mnarudia siku ya mvua, maana siku moja peke yake inaweza kudanganya. Mvua ikinyesha, mchanga unageuka dimbwi na kila mtu anahamia kwenye lami.

Mkimaliza, tazameni tofauti. Mtu akisema mkutanoni, "Watoto wetu wanateseka sana," wote wataitikia na kesho watasahau. Lakini mkisema, kwa mfano, kwamba kati ya watoto 200 waliopita asubuhi moja, 140 walishuka kwenye lami, mhandisi atachukua kalamu. Huruma hupita. Hesabu hubaki kwenye faili.

Kazi ya pili ni kupima upana. Watu wawili wakitembea bega kwa bega wanahitaji kama mita moja na nusu. Mwendesha baiskeli anahitaji kama mita moja, na akiwa amefunga matenga au madumu ya maji, zaidi ya hapo. Jumlisheni, wekeni na nafasi ya kupishana, mtapata karibu mita 3. Ndiyo maana wataalamu wengi huanzia kwenye mita 3 wanapopanga njia inayotumiwa kwa pamoja na wa miguu na wa baiskeli. Ikiwa baiskeli ni nyingi sana, afadhali kila kundi lipewe ukanda wake, kwa kuwa bibi aliyebeba kapu na kijana anayeteremka mlima kwa kasi hawapatani kwenye njia moja.

Kazi ya tatu ni kujua mwenye barabara. Hapa maombi mengi hupotea. Tanzania Bara, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Barabara mbili zinaweza kukutana mbele ya shule yenu na kila moja ikawa na mwenyewe. Ukipeleka ombi kwa asiye mwenyewe, hakatai; anaipokea karatasi, anaigonga muhuri, na inalala. Kwa hiyo muulizeni mapema mtendaji wa mtaa: hii ni ya nani? Muulizeni pia hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengewa barabara, inaishia wapi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Mara nyingi nafasi ya njia ipo kisheria, ila imejaa vibanda.

Na vibanda vina watu. Hilo mtaliona kwenye mkutano mkuu wa mtaa, ambako karatasi yetu inazaliwa rasmi. Wanaopiga kura ni wakazi waliotimiza miaka 18, lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Basi mwenyekiti anawapa nafasi, mnasimama na daftari lenu, mnasoma hesabu. Mkimaliza, mama mwenye genge la nyanya ananyoosha mkono.

"Mwenyekiti, nawashukuru hawa watoto, wamesema kweli. Lakini njia ikipita hapo, meza yangu naiweka wapi? Mimi nasomesha kwa nyanya hizo."

Kijana wa bodaboda naye anadakia: "Na kijiwe chetu, mzee?"

Msimkasirikie mama huyo, wanangu. Swali lake ndilo linalotenganisha mpango na ndoto. Mpango mzuri unaonyesha njia inapita wapi, na pia genge litakaa wapi, kijiwe kitahamia wapi, daladala zitashusha abiria wapi. Usipowapangia, watajipangia wenyewe, na mahali watakapopachagua ni juu ya njia yenu mpya, kwa sababu ni tambarare, safi na haina tope. Mtendaji anaandika yote kwenye muhtasari. Hakikisheni anaandika! Lisiloingia kwenye muhtasari, serikalini halikusemwa.

Kutoka mtaani, karatasi inapanda kwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Huko inakutana na wenzake. Mtaa mmoja unaomba darasa, mwingine zahanati, mwingine kisima. Fedha hazitoshi, kwa hiyo kamati inapanga vipaumbele. Karatasi inayosema tu "tunaomba njia" itakaa chini ya rundo. Inayosema "tunaomba fedha za upembuzi yakinifu na usanifu wa njia ya kilomita 2, kutoka shuleni hadi kituo cha daladala, hizi hapa hesabu za wanaopita na walioumia," hiyo ina meno.

Upembuzi yakinifu ni uchunguzi wa kujua kama jambo linawezekana na kama lina faida. Mpima ardhi anakuja na vifaa vyake kupima miinuko na mabonde. Udongo unachukuliwa kwenda maabara. Mhandisi anaangalia maji ya mvua yanatoka wapi yanakwenda wapi, kwa kuwa Dar es Salaam njia isiyo na mtaro mzuri ni mto wa msimu. Wanatafuta nyumba au shamba lolote litakaloguswa na kama mwenyewe anastahili fidia. Kisha unafuata usanifu, yaani michoro: kivuko kiwe wapi, kiinuliwe kama tuta au la, taa ziwe ngapi, nguzo zisimame umbali gani. Mwisho yanakuja makadirio ya gharama. Bila karatasi hizi tatu, hakuna mtu Dodoma, makao makuu ya serikali, anayeweza kuandika tarakimu mbele ya jina la njia yenu.

Sikilizeni jambo moja dogo ambalo mchoraji huumiza kichwa juu yake. Ili bodaboda zisiingie kwenye njia, unasimika nguzo. Lakini mwenzenu anayetumia kiti cha magurudumu lazima apite, naye anahitaji nafasi ya karibu sentimita 90. Nafasi hiyo hiyo inampitisha mwenye pikipiki bila shida. Hakuna nguzo inayojua kuchagua! Basi penye njia salama lazima pawe na nguzo, na askari wa usalama barabarani, na kijiwe cha bodaboda ambacho vijana wenyewe wamekubali kulinda heshima ya njia. Mchoro peke yake hautoshi, ndiyo maana yule kijana wa bodaboda alistahili kusikilizwa mkutanoni.

Fedha zenyewe hutoka wapi? Nyingi mnazichangia bila kujua. Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini hukatwa tozo inayokwenda kwenye Mfuko wa Barabara. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita, kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA. Kwa hiyo daladala lililomziba mtoto wetu asubuhi limechangia barabara tangu lilipojaza tangi, na nauli aliyolipa mama yenu imo humo. Halmashauri nayo ina mapato yake ya ndani, ya ushuru na leseni. Kisha ipo mikopo. Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, DMDP, ulioanza mwaka 2015, ulijenga barabara za mitaa zenye mitaro, taa na sehemu za kutembea huko Kinondoni, Ilala na Temeke kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mkopo ni deni, wanangu, na litalipwa na walipa kodi wa kesho, ambao ndio nyinyi. Mna haki kamili ya kuuliza unatumikaje.

Kutoka kwenye kata, karatasi inafika halmashauri na kwa meneja wa TARURA wa wilaya, inajadiliwa na Baraza la Madiwani, inapita mkoani, inafika TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, na Wizara ya Fedha huko Dodoma. Kuanzia Aprili hadi Juni wabunge wanaijadili bajeti. Kila mlango una tarehe yake ya kufungwa, na mlango mkubwa ukishafungwa hausubiri mtu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa kuinama ni kufuatilia: kwenda ofisi ya kata kuuliza, kwa adabu, "Shikamoo mzee, lile ombi letu limefika wapi?" na kurudi tena mwezi unaofuata.

Msitegemee miujiza ya wiki mbili. Mabasi ya mwendokasi mnayoyaona leo yalianza kama wazo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Fedha za mwanzo zilikuwa za kupanga tu, yaani kuchunguza abiria wanatoka wapi wanakwenda wapi na kuchora njia, na sehemu yake ilikuwa misaada kutoka nje. Wakala wa kuyasimamia mabasi hayo, DART, uliundwa mwaka 2007, ujenzi ukaanza mwaka 2012, na mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016. Katika miaka hiyo ya michoro, waendesha baiskeli wa jiji kupitia umoja wao, UWABA, walifanya misafara ya baiskeli mitaani wakidai wasisahauliwe. Barabara ya Morogoro, yanakopita mabasi hayo, ilipokamilika ilikuwa na mabasi katikati, na pembeni sehemu za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, ikiwa jiji la kwanza la Afrika kuipata.

Je, njia zile zimebaki salama? Nendeni mkatazame wenyewe. Mtakuta mahali baiskeli inapita vizuri, na mtakuta mahali bodaboda zimegeuza njia hiyo kuwa mkato wao na wafanyabiashara wametandaza bidhaa. Hiyo inatufundisha kwamba kuomba hakuishi siku ya kukabidhiwa. Njia huhitaji bajeti ya matengenezo na usimamizi kila mwaka, nayo huombwa kwa karatasi kama ile ya kwanza. Lakini inatufundisha jambo kubwa zaidi: pembeni mwa Barabara ya Morogoro leo kuna mahali pa kugombea, kwa sababu baiskeli iliingia kwenye mchoro kabla zege halijamwagwa. Barabara ikishajengwa bila njia, kuiongeza baadaye ni kuvunja mitaro, kuhamisha nguzo za umeme na kulipa mara mbili.

Basi kazi yenu, wanangu, ni hii. Mwambieni mwalimu wenu kwamba mnataka kuhesabu. Gawaneni asubuhi na jioni, andikeni tarehe juu ya kila ukurasa, na msiongeze hata kijistari kimoja cha uongo, kwa sababu mhandisi akikuta uongo mmoja hataamini yaliyobaki. Mkimaliza, mpelekeeni mwenyekiti wa mtaa nakala, nyingine ibaki shuleni. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na maandalizi ya bajeti yake huanza miezi mingi kabla, mwaka uliotangulia ukielekea ukingoni. Ombi linaloandikwa Juni limechelewa kwa mwaka mzima. Anzeni kuhesabu sasa.